Picha Alizozikataa Mama

Baada ya arusi ya dada yangu, niliziweka picha zote kwenye folda ya mtandaoni iliyofunguka kwenye kompyuta ya Mama kule Qurayyat na kwenye yangu ofisini Ruwi. Nikajiona nimezihifadhi mara mbili. Wiki haikwisha, nusu ya picha zikatoweka ofisini. Nikampigia Mama.

"Umezigusa picha?"

"Nimefuta zile nilizotoka mnene. Si kompyuta yangu?"

"Mama, ukizifuta huko, zinafutika na huku!"

"Huku wapi? Mimi Ruwi sijafika, mwanangu."

Nikaingia kwenye tovuti, nikazikuta kwenye pipa la vilivyofutwa, nikazirudisha. Jioni Mama akapiga simu, amekasirika. Picha zimemrudia, naye anaamini nnamfanyia mzaha. Akazifuta tena. Nami, kwa ukaidi, nikazirudisha tena. Tuligombana mpaka dada akaacha kupokea simu zetu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba folda ile ilikuwa moja tu. Kazi yake ilikuwa kuzifanya kompyuta zetu zionyeshe kitu kimoja, si kuweka akiba. Basi nikanunua diski ya nje, nikanakili kila kitu, nikaichomoa na kuifungia kabatini.

"Mama, sasa futa unazotaka."

"Hutozirudisha?"

"Sizirudishi."

Nikakaa nikizitazama zikipotea moja moja, pamoja na za bwana arusi peke yake, ambamo Mama hayumo kabisa. Sikuwa na nguvu ya kumuuliza.