Bomba la Robo Tatu

Tangu Beatha ateleze kwenye matuta ya kabichi, pale Lukozi, na nyonga kuumia, hakuweza tena kuinama kuchota maji ndooni. Ikawa anaogeshwa na Janeth, mke wa mwanawe Alen. Janeth alikuwa na adabu zake: alimmwagia maji huku uso kaugeuzia mlangoni, asimtazame mama mkwe wake. Kopo moja likampata Beatha begani, la pili likauogesha ukuta.

"Mama, yamefika?"

"Yamefika kwa jirani, mwanangu."

Wakacheka wote wawili. Lakini Janeth akishatoka, Beatha alibaki kwenye kigoda, taulo mapajani. Miaka yote amelima, amelea, amezika; sasa hata kuoga mpaka aombe. Alitamani jambo moja tu: aingie bafuni, afunge mlango, aoge mwenyewe.

Ndiyo maana bafu likavunjwa lijengwe upya. Bryson, fundi bomba kutoka Mlalo, alikuja na hita ya kuning'inia juu ya kichwa, maana Julai pale Lukozi maji ya baridi hayaogeki.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Hita hii ina maringo. Maji yakija kwa kulegea, haiwaki. Na tangi lenu liko usawa wa paa tu. Kutoka kule mpaka bafuni tuvute bomba la robo tatu inchi."

"Nusu inchi," akakata Kristian, mume wa Beatha. "Maji ukiyabana yanaruka. Mimi namwagilia kabichi kila siku. Ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole, maji yanavuka shamba!"

"Baba Alen," Beatha akasema, "atakayesimama chini ya hayo maji ni mimi. Yashindanisheni mabomba kabla ukuta haujazibwa."

Bryson akaunga mabomba mawili kwenye tangi, la nusu na la robo tatu, akayazungusha nyuma ya nyumba mpaka mlango wa bafu, kila moja na ndoo yake. Beatha akawekewa kiti, awe refa. Kristian akashika la kwake, kidole gumba mdomoni mwa bomba. Jirani yao Yohane, aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akautua chini atazame.

"Fungulia!"

Bomba la Kristian likarusha maji marefu, yakampiga kuku. "Mnaona? Mnaona?"

Beatha hakumtazama kuku, alitazama ndoo. Hata Kristian alipoondoa kidole, yake ilijaa kwa kujikokota. Ya robo tatu ilikuwa imeshafurika.

"Mgosi," Yohane akamwita Kristian kwa Kisambaa, kama kusema bwana mkubwa, "unamjengea bafu mkeo au kuku?"

"Kuku naye alikuwa mchafu," Kristian akajibu, suruali imelowa mpaka magotini, akacheka hata akakaa chini.

"Kidole kinabana mwishoni tu, baba," Bryson akamwambia. "Bomba jembamba linabana njia nzima. Maji yanafika yamechoka."

"Basi weka robo tatu. Mke wangu asiogeshwe na maji yaliyochoka."

Bafu lilipokwisha, Beatha aliingia, akafunga mlango. Akashika chuma alichofungiwa ukutani, akazungusha koki. Maji yakashuka kwa kishindo, hita ikawaka, mvuke ukapanda. Akajisugua shingo, kwapa, mgongo kadiri mkono ulivyofika. Mabega yake mwenyewe aliyashika kwa mshangao, kama ndugu anayeonana naye baada ya safari ndefu. Akalia kidogo, maji yakamfuta; kisha akaanza wimbo wa kanisani, sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza.

Kristian akagonga mlango. "Mama Alen, umemaliza?"

"Bado!"

Alikuwa amemaliza kitambo. Alifunga koki, akausikiliza ule ukimya, akaifungua tena.