Muhogo Nilioupanda Kichwa Chini

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, mama mkwe aliteguka kifundo cha mguu mvua zikiwa zimeshaanza. Mume wangu alikuwa ziwani, Mwamgongo, akinunua dagaa, kwa hiyo shamba la Simbo likaniangukia mimi, mtoto wa Ujiji niliyeujua muhogo ukiwa tayari ni ugali, umewekwa pembeni ya samaki wa mgebuka wa kukaanga.

"Utaweza, mwalimu?" mama mkwe aliniuliza.

"Nitaweza, mama."

Nilikuwa nafundisha sayansi darasa la sita. Sehemu za mmea nilizichora ubaoni kila mwaka, na wanafunzi wangu walizipatia kwenye mitihani. Nikakata vijiti vya mbegu, nikavichomeka katika matuta matano, nikarudi nyumbani na malengelenge viganjani, nimejaa furaha.

Wiki ya tatu, muhogo wa majirani ulikuwa umeshatoa majani. Wangu ulikuwa vijiti vikavu vimesimama tu. Baadaye kidogo nikaona kitu cha ajabu: machipukizi yalikuwa yanatoka ardhini, pembeni ya vijiti, si kwenye vijiti vyenyewe. Nilidhani ni magugu. Niling'oa mawili kabla sijayatambua majani.

Mama mkwe alikuja akichechemea, akafukua kijiti kimoja. Chipukizi lilikuwa limetoka kwenye ncha niliyoizika, likajikunja kama ndoana, kisha likapanda kutafuta mwanga. Vijizizi vichache vilikuwa juu, karibu na uso wa udongo.

"Umekizika kichwa," alisema. "Hukuyatazama macho? Jicho hukaa juu ya kovu la jani. Wewe umeyageuza."

"Lakini mama, ni kijiti tu. Nimekikata huku na huku. Kimejuaje kichwa chake ni kipi?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza ng'ombe anajuaje mkia wake uko wapi.

"Si wewe ndiye mwalimu?"

Swali hilo lilininyima raha. Nilichukua kijiti kirefu, nikakikata katikati, nikavilaza vipande vyote viwili kwenye beseni la udongo mbichi, ili pasiwe na juu wala chini. Siku kadhaa nilikuwa nafukua na kufukia. Pale kisu kilipopita, kipande kimoja kilitoa mizizi. Cha pili kikatoa chipukizi kwenye jicho lililokuwa karibu na jeraha lilelile. Kabla ya kisu tishu zile zilikuwa majirani, zimegusana. Nani alizigawia kazi?

Nilimpigia simu mkufunzi aliyenifundisha chuoni. Alinieleza kwamba kuna homoni inayotengenezwa kwenye ncha changa na kushuka kwenye shina, seli moja ikiipokeza nyingine, daima kuelekea chini. Inapokwama kwenye jeraha hujikusanya, na hapo mizizi huanza.

"Hata kijiti kikiwa kimepinduliwa?"

"Hata hivyo. Chini yake ni ile kiliyokua nayo."

"Na seli zilijuaje mwanzoni ziipitishe upande gani?"

"Inasemekana mkondo wenyewe huzifundisha."

"Mkondo unazielekeza seli, na seli zinauelekeza mkondo?"

"Ndiyo."

"Sasa kipi kilianza?"

Akacheka. "Mwalimu, hapo umefika ninapoishia mimi pia."

Nilimshukuru, nikabaki nimeshika simu. Nilikuwa najua mengi zaidi ya asubuhi, na bado nilielewa kidogo kuliko asubuhi.

Tulivuna mwaka uliofuata. Mashina yalikuwa yamepinda, na mihogo yake ilikuwa myembamba, mingine imesokotana hata haikumenyeka vizuri. Mama mkwe alichemsha iliyofaa, akaonja mmoja, akatafuna taratibu huku nikimsubiri.

"Mtamu," alisema. "Ila sijui huu uliamua vipi kuwa mtamu."