Sanduku la Warumi

Harufu ya mafuta ya karanga kwenye karatasi ndiyo inayonirudisha mtaani kwetu Biryogo, kwenye chumba cha mbele ambako baba alishona kanzu. Nilipaka karatasi mafuta hadi ionyeshe upande wa pili, nikaiweka juu ya picha, nikafuata mistari kwa penseli. Picha zilikuwa za mwalimu wetu wa kuchora, Mzungu mzee aliyeniazima michoro iliyochapwa kutoka kwenye mawe ya kuchongwa ya Roma. Kiswahili chake kilikuwa kifupi. "Hii picha ya sanduku," alisema. "Sanduku ya Warumi." Kwetu sanduku lilikuwa la nguo, basi sikuuliza zaidi.

Kiangazi kile dada yangu Zaituni alikuwa anaolewa, na baba alikuwa amemchongeshea sanduku la mbao. Nikachagua mchoro mmoja: mwanamume amelala, mwanamke anashuka kwenye gari la farasi kumwendea, na watoto wenye mabawa wamebeba mashada ya maua. Niliona ni bibi harusi anafika kwa mumewe. Niliuhamishia kwenye mfuniko, nikaukoleza kwa wino, seremala akapaka vanishi. Majirani walikuja kutazama. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliniita "fundi" mbele ya wateja.

Nilipomrudishia mwalimu picha zake, alinieleza vizuri, kwa Kinyarwanda. Katika masanduku yale ya mawe Warumi waliwalaza maiti wao. Yule mwanamume hakuwa wa kuamka. Nilirudi nyumbani nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuendelea kuitwa fundi. Nilimwambia Kasimu tu, mwenzangu wa darasani.

Siku ya harusi, sanduku lilipotolewa uani, Kasimu alicheka. "Eh, fundi! Umemchorea dada yako jeneza!"

Shangazi wa bwana harusi alikuwa karibu. "Jeneza? Nani kasema jeneza?" Watu wakanitazama, nami nikatazama viatu vyangu. "Basi hilo halipandi gari letu," alisema.

Zaituni aliondoka na nguo zake zimefungwa kwenye shuka, kama mtu aliyefukuzwa. Mlangoni aliniuliza taratibu, "Ulijua?"

Nikasema sikujua.

Ukweni walimwita Bi Jeneza, mwanzoni kwa mzaha, kisha likawa jina. Alifariki akiwa mzee, akazikwa kwa sanda tu, kama ilivyo desturi yetu. Jibu langu sikuwahi kulibadilisha.

Siku hizi kichochoro chetu kimepakwa rangi, na vijana wanakaa nje wakinywa chai ya nanaa. Sanduku liko chini ya kitanda changu, limejaa mablanketi. Juzi alikuja mjukuu wa Zaituni. "Babu, naolewa. Lile sanduku la bibi nalitaka." Nikamwambia mchoro ule ulitoka wapi. Nikamwambia pia kwamba nilijua. Nilingoja nihisi kitu, aibu au nafuu, sikuhisi.

Akalivuta, akainua mfuniko, akanusa ndani.

"Nguo zangu zitaenea?"

"Zitaenea," nikasema, nikaanza kutoa mablanketi.