Kiini Cheupe cha Tezi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1978, niliingizwa kwenye chumba cha giza cha hospitali moja ya Karagwe. Taa nyekundu iliwaka kwa mbali. Mkuu wa kitengo alitumbukiza filamu ya eksirei kwenye dawa, akaniambia, "Binti, usiitikise kwa pupa. Ngoja ije." Mbavu za mtu zikaanza kujitokeza polepole, kama migomba ukungu unapoinuka asubuhi. Niliipenda kazi ile pale pale, na mpaka leo naiota.

Miaka ya tisini tukaletewa altrasaundi, mashine inayopiga picha kwa sauti isiyosikika. Kwa mwenye saratani ya titi tuliitumia kukagua tezi za kwapani, maana ugonjwa ukianza kusambaa mara nyingi hupitia huko. Tezi nzima ina umbo la haragwe, na katikati ina kiini cheupe. Iliyoingiwa na saratani mara nyingi huviringana, na kiini hupotea.

Ndipo akaja Mama Domitila wa Nyakakika, na mumewe, katekista wa parokia. Daktari mfawidhi alikuwa amepapasa uvimbe kwenye titi, na kwapani, juu ya gauni kwa kuwa mama alikataa kuvua, akakuta tezi zimevimba.

"Kama ugonjwa umeshasambaa, kisu changu peke yake hakitamsaidia," aliniambia. "Hebu nitazamie."

Mama alikataa kuinua mkono. Nikamshika kiganja. "Shida nini, waitu, ndugu yangu?"

Akauinua huku analia. Kwapa lote lilikuwa na chale mbichi za mganga wa kienyeji, zimeanza kutunga usaha.

Nikapaka jeli taratibu. Kwenye kioo zikaelea tezi, kubwa kweli, lakini zenye umbo la haragwe, kila moja na kiini chake. Nilitamani kupiga vigelegele. Nikamwita daktari, akatazama kwa muda mrefu.

"Huenda chale ndizo zilizozivimbisha," akasema. "Nani alimpeleka kuchanjwa?"

Mama alivuta kanga kujifunika. Mumewe, aliyesimama mlangoni, akavua kofia.

"Nilimpeleka mimi, daktari. Niliogopa."

"Nyamaza wewe!" mama akafoka. "Parokia wakisikia habari za mganga watakunyang'anya ukatekista!"

"Wauchukue. Wewe ubaki."

Vidonda vilitibiwa, tezi zikanywea, akapasuliwa.

Sasa nimestaafu, niko Ihanda na kahawa zangu. Mchana nikisinzia, tezi zile huelea tena mbele yangu. Ninyi vijana mnaoifanya kazi hii sasa mna mashine zinazoona mengi kuliko yangu, nami nawaonea wivu kidogo.

Parokia ilimvua ukatekista kweli. Miaka mingi baadaye niliwakuta kliniki, mzee amebeba mwavuli wa mkewe, na Mama Domitila anamgombeza kwamba anatembea polepole mno.