Mafuta ya Kunusa

Wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, binti yetu mdogo alibanwa kifua. Mke wangu alikuwa akichemsha maji ili amnusishe mvuke wa mafuta ya mkaratusi. Mimi nikajaza kijiko, nikamnywesha.

“Baba, hiyo ni ya kunusa!” mke wangu akanipigia kelele.

“Nani amesoma hapa, wewe ama mimi?”

Maji hayajachemka, mtoto akalegea. Tulikimbia naye hospitali. Kwenye kizuizi wanajeshi walitupekua polepole, wakafungua hata shuka lake.

Dresa, msaidizi wa daktari, akauliza, “Amekunywa nini?”

“Maziwa tu,” nikasema.

“Mafuta ya mkaratusi, kijiko kizima,” mke wangu akadakia. “Huyu msomi ndiye alimpa.”

Mtoto alipona. Mimi, kwa kuogopa aibu, ningemwacha afe.