Turubai Chini ya Mti Mkubwa

Darasani sijamwambia mtu, kwa sababu kuongea mbele ya watu kunanishinda. Lakini likizo iliyopita nilifika mahali ambapo hata muuza chapati anafanya sayansi.

Ni kijiji kidogo milimani, upande wa magharibi, safari ya siku nzima kwa basi kutoka Kampala. Shangazi yangu ni mpishi wa kituo cha utafiti wa msitu huko. Nyumba ni chache, na karibu kila nyumba ina mtu wa kituo. Wametoka pande zote, wengine Kongo, kwa hiyo wanaongea Kiswahili kama sisi nyumbani Wandegeya, mtaani kwetu Kampala. Lakini mazungumzo yao sasa! Jioni ya kwanza nilitumwa chapati, nikamkuta muuzaji anabishana na mteja kama mti namba arobaini umechanua au bado.

"Uliona maua, au uliona vipepeo?"

"Kwani vipepeo wanafuata nini kama si maua?"

"Basi andika vipepeo. Maua usiandike."

Nilisimama pale mdomo wazi mpaka nikasahau nimetumwa ngapi. Kwetu watu wanabishana hivyo juu ya mpira tu.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Niliamka mapema nifagie, maana mama amenifundisha kwamba mgeni mwenye adabu hangoji kutumwa. Nikafagia uwanja wote mpaka chini ya mti mkubwa nyuma ya jiko. Hapo palikuwa na turubai dogo limejaa majani makavu na mbegu. Nikasema moyoni, hawa wamesahau turubai lao. Nikalikung'utia kwenye shimo la takataka, nikalikunja vizuri, nikaliweka barazani.

Saa mbili akaja mama mmoja mwenye buti za mpira na daftari kwapani. Akasimama chini ya mti, akatazama chini.

"Turubai langu liko wapi?"

Shangazi akanieleza kwa sauti ya chini. Yule mama huhesabu mbegu zilizoanguka kwenye lile turubai, kila Jumatatu, tangu mimi sijazaliwa. Kwa hesabu zake watu wanajua miti inazaa lini, na kama sokwe watapata chakula au watahangaika.

Hakuna aliyeniona nikifagia. Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

"Ni huyu mbwa wenu," yule mama alisema, akimtazama mbwa aliyelala mlangoni pa jiko.

"Mbwa gani anakunja turubai?" shangazi akauliza, macho yake barazani.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mbu. "Nimefagia. Nitaziokota shimoni, nitazihesabu mwenyewe, hata siku nzima."

"Mwanangu, mle shimoni kuna mbegu za miti mingapi? Na maganda ya maharage ya shangazi yako je?"

"Si uandike tu kama ya wiki iliyopita," shangazi akasema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Akafungua daftari. Mahali pa namba akapiga mstari, na pembeni akaandika polepole: *Hakuna hesabu. Mgeni amefagia.*

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote ile ya Jumatatu, na pengo lenyewe ni mimi! Yeye akaanza kufunua kurasa kurudi nyuma, nyingi sana, namba juu ya namba, kwa mwandiko uleule, hadi akaweka kidole kwenye mstari mwingine usio na namba. Nikasoma: *Hakuna hesabu. Tembo amepita.*

"Mko wawili tu," akasema. "Na mwenzako hakuja kusema."

Kisha akanipa turubai nilitandaze upya, akinionyesha kila pembe ikae wapi.

Sasa nimerudi Wandegeya. Asubuhi, kabla ya kufagia chini ya mwembe wetu, nainama kwanza niangalie kilichoanguka. Mama anasema huko mlimani nimejifunza uvivu.