Mvua Ilipoingilia Tamthilia ya Njaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyaya. Si kamera, si kipaza sauti, bali mzigo mzima wa nyaya zilizosokotana, na nikaambiwa niwe nimezinyoosha kabla ya chakula cha mchana. Kituo chetu cha televisheni kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri katikati ya mji wa Dodoma, na mwenye duka ndiye aliyekuwa mwenye kituo. Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeingia, na watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kuanzisha redio na televisheni zao. Yeye aliona nafasi akaingia, kama alivyokwisha kuingia kwenye vipuri na kwenye mabasi. Tulimwita Mkurugenzi, naye alilipenda jina hilo kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Mimi nilikuwa nimeacha ualimu wa shule ya msingi kule Buigiri, nilikozaliwa. Baba alikasirika hadi akapunguza kula. "Unaacha kazi ya serikali, yenye pensheni, unakwenda kukunja nyaya?" Nilikuwa nimeiona televisheni mara chache tu, nyumbani kwa mchungaji, na kila mara nilitoka pale nikiwaza ni nani aliyeamua kwamba sasa tumwone mtu usoni na sasa tuione nyumba. Nilitaka kuwa huyo anayeamua. Mambo kama hayo huwezi kumwambia baba yako mzazi akakuelewa.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Fundi Mitambo Mkuu, mzee mkimya aliyestaafu redioni. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja waya, mzunguko mmoja kwa juu na mwingine kwa chini, ili ukiurusha ufunguke bila fundo. "Ukiukunja kwa hasira," aliniambia, "utakuaibisha mbele ya mgeni rasmi." Baadaye nilipewa kamera, ile ya kubeba begani, nzito mpaka bega la kulia likawa chini kuliko la kushoto, na liko hivyo hadi leo. Kisha nikapelekwa kwenye chumba cha uhariri. Nyinyi vijana wa leo mnahariri kwenye simu mkiwa mmelala kitandani. Sisi tulikuwa na mashine mbili, moja inacheza kanda ya picha mbichi, nyingine inarekodi vipande unavyovichagua, kimoja baada ya kingine. Ukigundua kosa katikati, yote yaliyofuata unayarudia. Mwishowe nikawa mtayarishaji, yaani mtu wa kubeba lawama za kila kitu, kuanzia mchezo ulioandikwa hadi wali wa waigizaji.

Vijana wanaokuja kwangu Ipagala huniuliza kwa nini wakati ule hatukutengeneza tamthilia zetu kwa wingi. Wanadhani hatukuwa na vipaji. Vipaji vilikuwepo tele, hesabu ndiyo iliyokataa. Kituo hakiishi kwa vipindi, kinaishi kwa muda wa hewani, yaani dakika kinazouza. Dodoma ilikuwa na semina na warsha kila kona, hasa Bunge likikutana, na kila mwenye warsha alitaka aonekane akifungua. Huyo alilipa, tukaenda na kamera moja, tukarudi kabla ya jioni. Tamthilia inataka gari, mafuta, chakula, kanda, posho ya waigizaji, na siku nyingi za kazi kwa nusu saa ya picha. Na tamthilia za nje zilikuja zimekamilika ndani ya makasha. Zilikuwa zimekwisha kulipiwa na watazamaji wa huko zilikotoka, kwa hiyo sisi tuliuziwa kwa bei ya makombo. Utashindanaje na makombo?

Meneja wa Vipindi alitaka kushindana hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, msomi, mwenye haraka, anayevaa viatu vyeupe katika mji wa vumbi. "Rehema," alisema, "niletee kitu cha hapa hapa. Nimechoka kuona majumba ya watu wengine." Nikaandika tamthilia ya familia moja ya Ugogo katika mwaka wa ukame. Afisa Masoko akatafuta mdhamini, kampuni ya mafuta ya kupikia, nayo ikakubali kulipia vipindi kumi na vitatu, kila Alhamisi jioni. Sharti lilikuwa moja, nalo lilisomwa mbele yangu: tukikosa Alhamisi moja tu, mkataba umekufa, na nafasi ile inapewa tamthilia ya nje. Kasha lake lilikuwa tayari juu ya meza ya Afisa Masoko, na kila nilipopita nililiona.

Waigizaji niliwapata Mvumi, kwenye kikundi cha maigizo cha kijiji. Mama wa familia aliigizwa na mjane mmoja mkulima aliyeitwa Mama Ndahani. Hakuwa amesoma sana, na mistari alisomewa na binti wa kikundi hadi ikamkaa kichwani. Lakini kamera ilimpenda. Hilo halielezeki. Kuna mtu unamwelekezea kamera anajaa woga, na kuna mtu anakuwa kama hajakuona. Yeye alikuwa wa namna ya pili, na barua za watazamaji zilipoanza kuja, nyingi zilimuulizia yeye.

Mkataba ulichelewa kusainiwa, kwa hiyo tulianza kurekodi kiangazi kikiwa kinaelekea mwisho. Tulirekodi na kurusha, kurekodi na kurusha, bila akiba, kwa sababu fedha ya mdhamini ilikuja kidogo kidogo. Nilikuwa natazama mawingu kuliko mkulima yeyote. Katika kazi yetu kuna kitu kinaitwa mwendelezo: kinachoonekana katika picha hii kikubaliane na picha inayofuata. Mti ukiwa mkavu asubuhi ya hadithi, hauwezi kuwa na majani mchana wake. Na nchi yetu ya kati mnaijua, mvua ya kwanza ikipiga, siku chache tu ardhi yote inabadilika rangi.

Ilipiga tukiwa tumebakiza vipindi vinne. Niliisikia juu ya bati nikiwa kitandani. Mtoto wa Buigiri kama mimi, ambaye kwetu mvua ilishukuriwa kanisani, nikajikuta naichukia, na nikajionea aibu.

Tulipofika Mvumi, uwanja wa kurekodia ulikuwa mtupu. Nikamkuta Mama Ndahani shambani na watoto wake wawili wadogo, sketi imekunjwa magotini, jembe mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbukwenyi." Aliongeza salamu hiyo ya Kigogo bila kusimamisha jembe.

"Mama, tulikubaliana leo."

"Tulikubaliana kabla ya mvua." Sasa akasimama, akajifuta uso kwa kanga. "Wewe ni mtoto wa huku, usinifanye nikueleze. Ndahani yuko mjini anatafuta kibarua, hawa ni wadogo, nimebaki mimi. Uwele haungoji. Hiyo tamthilia ikifa, utatunga nyingine. Huu msimu ukinipita, mwaka mzima hawa wanakula nini? Posho yako?"

Posho yetu ilikuwa ya sukari na sabuni, alijua na nilijua. Nikarudi mjini bila picha hata moja.

Meneja wa Vipindi alinisikiliza akiwa amesimama. "Tafuta mtu mwingine," alisema. "Mvishe kanga zake, mpige picha kwa nyuma. Tunarekodi kwenye ua wowote mkavu hapa mjini. Watazamaji hawatajua."

"Watajua."

"Basi wajue! Kwani Alhamisi inatungoja?"

Nilikwenda nyumbani na mchezo wangu ulioandikwa, nikausoma tangu mwanzo. Ndipo nilipoona nilichokuwa nimekiandika. Nilikuwa nimeandika njaa ya mtu wa mjini: vumbi, miti mikavu, fuvu la ng'ombe, halafu mvua inanyesha na watu wanacheza, mwisho. Mimi nimekulia huku. Njaa mbaya kuliko zote si ya vumbi. Ni ile inayokuja mvua ikiwa imenyesha, majani mabichi kila mahali, vihenge vya nafaka vitupu, na mavuno bado yako mbali. Na ukali wake ni kwa yule aliyekula mbegu zake mwezi wa nyuma ili watoto walale wameshiba. Huyo ndiye mvua inamtia uchungu. Nilikuwa najua yote hayo tangu utotoni, na nilikuwa nimeyaacha nje kwa sababu hayakufanana na picha nilizokuwa nimezizoea.

Niliandika upya vipindi vinne. Kisha nikawaambia mpiga picha, fundi sauti na dereva watafute majembe. Mpiga picha alidhani natania. Tulipofika shambani nikamwambia Mama Ndahani, "Asubuhi tunakulimia, mchana unatuigizia." Alitutazama mmoja mmoja, akavitazama na viatu vyetu vya mpira vipya, akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akatuonyesha mstari wa kuanzia.

Tuliberega, yaani tulikwangua majani juu juu na kufukia mbegu bila kutifua ardhi, ili tuende na unyevu kabla haujakauka. Mikono yetu ilitoka malengelenge. Siku ya pili, gari jingine la kituo likatokea njiani na Meneja wa Vipindi akashuka na viatu vyake vyeupe. Akamkuta fundi sauti ameinama kwenye mstari, dereva anachukua mbegu, na mimi nimejifunga kanga.

"Rehema, huu ndio utayarishaji?"

"Ndiyo mkuu. Kipindi cha kumi kinarekodiwa baada ya chakula."

"Kipindi cha njaa? Hapa?" Akazungusha mkono kuonyesha majani. "Njaa gani ya kijani? Mtazamaji atasema tumechanganyikiwa."

"Mtazamaji aliyetoka Dar atauliza. Wa huku atanyamaza."

"Mdhamini yuko Dar."

Alibaki akaona tunarekodi. Onyesho lenyewe lilikuwa hivi: mvua inanyesha, mama amesimama mlangoni, mtoto anamuuliza wanapanda lini. Mama anaingia ndani, anainama kwenye kihenge, anakwangua kwa mkono, anatoka na kiganja kitupu. Nilikuwa nimemwandikia maneno ya kusema. Hakuyasema. Alitazama kiganja, akamtazama mtoto, akaufumba mkono kama vile kuna kitu ndani, na akamwambia mtoto, "Kesho." Basi. Mpiga picha alisahau kusimamisha kamera, na mimi nilisahau kumwambia asimamishe.

Meneja alifuta tope kwenye kiatu kimoja cheupe. "Nenda nayo," alisema hatimaye. "Wakilalamika, nitasema ni wewe." Lakini walipolalamika alisema ni yeye, na kwa hilo namheshimu hadi leo.

Hatukukosa Alhamisi hata moja. Barua zilikuja kwa gunia, nyingine kutoka Singida na Kondoa, watu wakieleza njaa zao wenyewe. Nilidhani tumeshinda. Kipindi cha kumi na tatu kiliporushwa, Afisa Masoko aliniita mezani kwake. Kasha lilikuwa limefunguliwa.

"Dada Rehema," alisema, na hakuwa mtu mbaya, "kipindi kizuri, hesabu mbaya. Kwa gharama ya vipindi vyako vichache hapa nina mfululizo wa miezi. Mdhamini amechagua."

Nilishuka ngazi nikakaa dukani, kati ya vipuri, nikalia mbele ya wateja. Kikundi kilivunjika. Nilirudi kwenye warsha na wageni rasmi, na siku za Jumamosi nilipiga picha za harusi, ambazo ndizo zilizosomesha wanangu. Wakati kanda zilipokuwa adimu, vipindi vyetu vilifutwa na kurekodiwa semina juu yake. Nilifanya kazi hiyo hadi kituo kilipouzwa, nikastaafu bila sherehe.

Kwa hiyo kijana anaponiuliza kama sanaa inalipa, simdanganyi. Namwambia ajue nani analipia dakika zake na anataka nini, na awe na harusi zake za Jumamosi. Kwa miaka mingi nilikuwa naongeza kwamba nilifanya kipindi kimoja kikubwa, na kwamba hakipo tena popote. Nilikuwa nasema kwa uchungu. Nilidhani hicho ndicho pekee nilichokitoa kwenye kazi yote.

Juzi juzi macho yalinisumbua, nikaenda kutibiwa hospitali ya Mvumi. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo. Alisoma jina langu, akanitazama.

"Shikamoo mama. Wewe si yule wa televisheni? Mimi mdogo wake Ndahani."

Nikamshika mkono. Nikamwambia pole, maana nilikuwa nimesikia mama yake alifariki. Kisha nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu zamani, kama waliliona lile onyesho la mlangoni.

"Hapana mama," alisema. "Tungeona wapi? Hatukuwa na televisheni."

"Na mama hakuwahi kuwasimulia?"

Alifikiri. "Alisema mlilima vibaya. Alirudia mistari miwili." Akacheka kidogo, kicheko kile kile. "Lakini tulipanda kwa wakati. Mwaka ule majirani walikula majani, sisi tulikula ugali. Mimi nilikuwa mdogo, ndicho ninachokumbuka."

Akachukua chupa ya dawa, akaniambia niinue uso nitazame juu. Nikatazama juu. Akanidondoshea tone moja, halafu akangoja, akanifuta shavu kwa pamba.

"Usilie, mama," akasema taratibu. "Dawa inatoka."